Kazi Yangu Kushika Risasi

Jumanne, 12 Machi

Nimekatazwa kusema, nami kunyamaza sijui. Ndiyo maana naandika.

Kuanzia leo nyumba hii ina bastola. Mke wangu amerudi nayo kazini, na fundi wa kampuni yao ya ulinzi akaja nyuma yake kukifunga kisanduku cha chuma ukutani chumbani kwetu, kwa bolti nne nene kama vidole vyangu. Miaka yote hii mke wangu amesimama getini na kirungu. Sasa ameteuliwa kusindikiza gari la fedha. Zamu zao huanza kabla ghala la silaha halijafunguliwa, kwa hiyo wasindikizaji hulala na bastola zao majumbani. Yuko kwenye majaribio mpaka mwanzoni mwa Mei, halafu kuna mtihani wa kulenga. Akifaulu, kazi ni yake. Ila katika kipindi hiki risasi ikitoka mahali isipotakiwa kutoka, hata moja, anarudishwa getini. Hilo alilisema mara mbili, mara ya pili akinikazia macho mimi.

"Na majirani wasijue," akasema. "Wateja wako wasijue. Nakujua wewe, mtu akija kupunguziwa suruali anaondoka na habari za nyumba nzima."

Sikubisha. Nina domo, na cherehani haijawahi kulifunga.

Mama yangu, anayelala chumba cha pili, aliuliza kile kisanduku ni cha nini. Nikamwambia cha vyeti.

"Vyeti vinafungwa kwa bolti?" akauliza. "Vitatoroka?"

Alhamisi, 14 Machi

Mama ameshajua. Nilidumu siku moja na nusu. Mke wangu hajui kama Mama anajua.

Leo tumeanza mazoezi. Mkufunzi wao amewaambia anayetaka kufaulu afanye nyumbani kila siku, bastola ikiwa tupu kabisa, kwa sababu mkono unajifunza kwa kurudia. Lakini asifanye peke yake. Awepo mtu wa pili, na huyo wa pili ni mimi, Mungu anisaidie. Bado lile dude nalipita kwa mbali.

Taratibu ni hizi. Anatoa magazini, kile kikasha cha risasi. Anavuta sehemu ya juu ya bastola nyuma, tunaangalia chemba, pale risasi inapokaa, wote wawili, anaingiza kidole kidogo kuhakikisha. Anasema, "Tupu." Na mimi naangalia tena, nasema, "Tupu." Nazipeleka risasi sebuleni, nazifungia kwenye droo ya cherehani, ufunguo nauvaa shingoni. Narudi, nafunga mlango, nakaa kwenye stuli nyuma yake. Yeye analenga ukuta mmoja tu, penye kreti la mbao alilolijaza mchanga. Akimaliza anasema kwa sauti, "Zoezi limekwisha." Baada ya maneno hayo hakuna kingine. Hakuna cha mwisho, hakuna cha kufungia kazi.

"Mkufunzi anasema wengi waliopata ajali, waliipata baada ya kumaliza," akaniambia.

Nikamwita Afande. Alicheka kidogo, lakini alipoinua mikono kicheko kilikatika na mimi nikajikuta nimeshika stuli kwa mikono miwili.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Sare za shule kumi na mbili zinanisubiri na umeme umekatika. Nimeshona kwa mguu.

Jumamosi, 23 Machi

Tatizo la Afande ni kwamba akibana triga mkono unacheza. Mkufunzi amewaambia waweke sarafu juu ya bastola karibu na ncha, wabane polepole, na sarafu isianguke. Sarafu yetu ilikuwa inateleza. Nikamletea kifungo bapa cha koti kutoka mkebeni mwangu, na kikakaa vizuri. Kila mlio wa "tak" wa bastola tupu, kifungo kikaanguka. Akaanza kusonya. Mke wangu akisonya, hata paka wa jirani huhama.

Nikamwambia, "Wewe unamaliza vibaya. Mshono wowote ukifika mwisho, fundi anarudi nyuma kidogo, anapita juu yake tena, ndipo anakata uzi. Usiporudia, mwisho unafumuka. Hapa pia, usimalizie kwa kilichoanguka. Rudia kimoja kizuri, ukaze, ndipo useme limekwisha."

Akanitazama kama aliyegundua kwamba stuli inaongea. Akarudia. Kifungo kikatulia.

"Kumbe una akili," akasema.

Nimefurahi mno leo, bila sababu ya maana.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua, sare, "tak, tak, tak." Tumekaza vizuri.

Ijumaa, 5 Aprili

Tumegombana, na nitaandika kama ilivyokuwa.

Paa la chumba cha Mama linavuja. Si tone, ni bomba. Jana usiku ameloa mguu. Asubuhi nikakihamisha kitanda chake hadi upande mkavu, na upande mkavu ni ule wa ukuta wetu, ukuta wenye kreti la mchanga. Sikufikiria lolote. Nilifikiria mgongo wangu tu, maana kitanda kile ni cha mti wa zamani, kizito kama deni.

Jioni Afande aliingia, akasikia Mama anakohoa ng'ambo ya ukuta, akasimama.

"Nani yuko pale?"

Nikamweleza. Akasema leo hakuna zoezi mpaka kreti lihamishwe hadi ukuta wa nyuma, ule unaopakana na ukingo wa udongo.

"Mchanga wote huo?" nikasema. "Mvua hii? Si bastola ni tupu? Umeangalia wewe, nimeangalia mimi, risasi ziko chini ya ufunguo. Hiyo hewa itampiga Mama?"

"Tupu ni neno la mdomo," akasema. "Mimi silengi mahali alipolala mtu kwa sababu ya neno la mdomo."

Nikamwambia anajifanya askari mkubwa kwa bastola ya kuazima. Nilijua ni neno baya kabla halijatoka lote. Alichukua ndoo, akaanza kuuchota mchanga mwenyewe akiwa na sare ya kazi. Nilivumilia ndoo tatu, nikaona aibu, nikachukua beleshi. Tumemaliza wote tumechafuka, hatusemezani.

Mama aliuliza mnahamisha nini humo. Nikamwambia vyeti.

Jumatano, 10 Aprili

Binti yetu tunamwita Kasuku kwa sababu kila anachosikia anakirudisha. Leo nimemkuta kibarazani na mwanasesere wake na rula. Anaangalia rula kwa jicho moja, anasema, "Tupu." Halafu kwa sauti nene, ambayo naamini ni yangu, "Tupu." Kisha akamlenga mwanasesere.

Nilimnyang'anya rula kwa nguvu mno akalia. Jioni Afande alimketisha mapajani, akamweleza polepole kwamba kile kitu si cha mchezo, akikiona mahali popote asiguse, aje kumwita. Kasuku akauliza, "Na Baba akikigusa?"

"Baba anakiogopa," akasema mama yake.

Nilisema ndiyo. Ila nikiwaza sasa, sijui kama ni kweli tena.

Jumapili, 14 Aprili

Afande mzuri leo. Vifungo saba mfululizo.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimekaripiwa. Nilikuwa nakuja kutoka sebuleni napiga mluzi, kumbe magazini bado iko kwenye mfuko wa shati langu. Sikuifungia drooni. Nilikuwa nimebeba suruali ya mwalimu mkuu mkono huu, pini mdomoni, nikasahau. Afande alikuwa amekwisha kuinua mikono, akaniona mfuko unaning'inia.

Hakupiga kelele. Aliishusha bastola, akaifungua, akaiangalia tena, akaifungia kwenye kisanduku. Ndipo akaniambia, "Mwezi uliopita ulikuwa unatetemeka. Nilikuwa nakucheka, lakini nilikuwa salama. Sasa unapiga mluzi."

Nikajitetea kwamba nina kazi nyingi. Na kweli ninazo. Lakini nilivyokuwa nakata kitambaa baadaye mkasi ulinitoka mara mbili. Wanasema mazoea yana taabu, nami nilidhani wanasema juu ya watu wengine.

Jumamosi, 27 Aprili

Mkufunzi amewapanga kwa kulenga leo, na mke wangu ni wa pili kati ya wote. Mtihani tarehe kumi na moja Mei. Amerudi akiimba. Amemnunulia Mama shuka jipya. Mama alilipokea, akalipapasa, akasema, "Hata kama limetoka kwenye bunduki, ni laini." Afande akaduwaa. Kisha akanigeukia mimi taratibu.

"Siku moja na nusu," nilikiri. Wakacheka wote wawili, wakinicheka mimi. Sijaisikia nyumba hii ikicheka hivyo tangu mvua zianze.

Jumamosi, 4 Mei

Nitaandika tu.

Alasiri mvua ilikuwa ya kupasua bati. Tulikuwa katikati ya zoezi. Afande alikuwa amechoka, kifungo kikaanguka, akakiacha sakafuni maana simu yake iliita. Msimamizi wake. Mwenzake ameugua, gari linampitia sasa hivi, liko njiani. Akasema, "Zoezi limekwisha." Alilisema wazi, kwa sauti, nami nililisikia.

Nikaenda sebuleni, nikafungua droo, nikamletea magazini. Akaiweka. Akavuta sehemu ya juu, risasi ikaingia chembani, kwa sababu sasa anakwenda kazini na kazini wanakwenda hivyo. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu. Nilikuwa nimesimama karibu kuliko nilivyo sasa na taa hii.

Alikuwa anatafuta mkanda wake. Mimi nikakiona kifungo sakafuni. Nikakiokota. Nikasema, "Sasa Afande, unamalizia kwa kilichoanguka? Rudia kimoja, ukaze."

Na nikakiweka mwenyewe juu ya bastola mkononi mwake. Kwa vidole hivi.

Yeye kichwa kilikuwa barabarani, anasikiliza gari. Mwili wake ukafanya ulichozoea kufanya nikisema maneno yale, mwezi mzima na zaidi. Akageukia kreti, akanyoosha mikono, akabana polepole, vizuri kabisa.

Sijui niuandikeje ule mlio. Chumba ni kidogo. Masikio yangu yalijaa kitu kama pamba, na nilichoona ni mchanga unamwagika sakafuni kutoka kwenye tundu la kreti, mstari mwembamba, hautaki kuisha. Afande hakuishusha mikono. Alikaa vile vile, uso umekauka.

Halafu sauti ya Mama, kwa mbali: "Radi hiyo?"

Nilikimbia. Mama alikuwa kitandani, kwenye ule ukuta wa zamani, amemweka Kasuku kati ya magoti anamsuka. Kasuku ameegemeza kichwa ukutani hasa. Pale pale lilipokuwa kreti kabla ya ugomvi wetu. Nikasema ndiyo, radi. Nikatoka nje mvuani nikatapika.

Niliporudi alikuwa ameshatoa risasi zote, ameziweka kitandani, bastola imefungiwa. Gari lilipiga honi nje. Akampigia msimamizi: "Siji. Jumatatu asubuhi nitakuja kueleza mwenyewe." Honi ikapigwa tena, kisha gari likaondoka.

Hakunilaumu. Laiti angenilaumu.

Jumapili, 5 Mei

Nimesema siku nzima. Nimesema mpaka koo limekauka. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyejua. Mama anadhani radi, majirani wanadhani radi, risasi imo mchangani, kreti nitalichoma. Imepungua risasi moja, sawa, aseme imemtoka mfukoni ikaangukia mferejini wakati wa mvua. Nani atazoa mfereji mzima? Imebaki wiki moja tu mtihani! Miaka yote ile getini, jua lake, mvua yake, madereva wanamtukana, kwa ajili ya sekunde moja?

Aliniacha nimalize. Alikuwa anapiga pasi sare yake.

"Mimi kazi yangu imekuwa kupekua watu," akasema. "Namjua mtu anayeficha kitu kabla hajafika getini. Anavyotembea tu. Sitaki kutembea hivyo."

"Basi sema ni mimi. Sema mume wangu ndiye aliyeniambia."

"Kidole ni cha nani?"

"Lakini mimi ndiye..."

"Kidole ni cha nani, Baba Kasuku?"

Nikakasirika. Ndiyo, nilithubutu kukasirika. Nilimwambia anapenda kujionyesha mwadilifu na sisi ndio tutakaolipa. Akaikunja sare, akaitundika mlangoni.

Jumatatu, 6 Mei

Aliondoka alfajiri na bastola ndani ya kisanduku kidogo cha kubebea. Amerudi saa nne asubuhi, mikono mitupu. Wamemrudisha getini. Mtihani hafanyi. Labda mwakani ataomba upya, labda kamwe, hawakumwambia. Alivua viatu, akalala akiwa ameukabili ukuta, na ni mara ya kwanza namwona amelala mchana.

Nilikuwa kwenye cherehani nikijifanya nashona. Mama akaja, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Haikuwa radi," akasema.

Nikaendelea kukanyaga.

"Radi haitanguliwi na sauti ya mwanangu. Nilikusikia. 'Rudia kimoja, ukaze.' Halafu ule mlio."

Nikasimamisha gurudumu. Nikamuuliza, kama alijua, mbona alinyamaza?

"Nilikuwa nakupa nafasi useme mwenyewe. Nimengoja siku mbili. Wewe ambaye huwezi kukaa na siri ya kisanduku!" Akaweka mkono juu ya cherehani. "Leo ndiyo umejua kufunga mdomo?"

Nililia mbele ya mama yangu kama mtoto, uzi ukiwa bado kwenye sindano. Hakunibembeleza.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kwa Mkufunzi. Sikumwambia mke wangu.

Nilidhani nitakuta jitu. Ni mtu mfupi, ana miwani, alikuwa anakula karanga. Nikamweleza yote: maneno yangu, kifungo, vidole. Nilisema kama kuna adhabu iwe yangu. Nilisema mengi, kama kawaida yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Nilimuuliza kama kulikuwa na mtu wa pili," akasema. "Alisema alikuwepo na alifanya kazi yake, risasi zilikuwa zimefungiwa. Akasema kosa lilikuja baada ya zoezi, na ni lake. Hakukutaja zaidi ya hapo."

"Basi sasa unajua."

"Sasa najua. Lakini fundi, ukimwambia dereva apite taa nyekundu, akapita, leseni inayochukuliwa ni ya nani? Uamuzi haubadiliki." Kisha akaniuliza, "Nani aliliweka kreti ukuta ule?"

"Yeye. Mimi nilikataa."

Akatikisa kichwa. Akasema katika miaka yake yote kuna watu kadhaa ambao risasi imewatoka majumbani, na kila mmoja ilibidi yeye Mkufunzi amfuate baada ya kusikia minong'ono. Huyu ni wa kwanza kuja kwa miguu yake. Nikamuuliza kama hilo halina uzito.

"Lina uzito," akasema. "Ndiyo maana bado ana kazi getini."

Jumamosi, 18 Mei

Fundi wa kampuni amekuja kung'oa kisanduku. Mvua zimepungua, nimepanda juu nimeziba paa la Mama. Nilipaswa kuziba mwezi Machi.

Jumapili, 26 Mei

Jua siku nzima. Watu wameanika kila kitu, hata magodoro.

Mke wangu ameniletea sare yake ya getini. Amepungua, suruali inamtoka kiunoni. Alisimama sebuleni mbele ya kioo cha wateja, mimi nimepiga magoti na futi shingoni, pini nimezibana mdomoni, nakunja na kubana. Hatujazungumza sana wiki hizi. Tunasema chumvi iko wapi, mtoto amekula, basi.

"Nikuulize kitu wakati huwezi kuropoka," akasema.

Nikaguna.

"Ingekuwa kinyume. Ingekuwa bastola ni yako, kazi ni yako, na mimi ndiye niliyekwambia urudie. Ungekwenda kusema?"

Nilimtazama kupitia kioo. Aliangalia mbele, hakunisaidia. Nikazitoa pini mdomoni moja moja, nikazichomeka kwenye mkono wa shati langu, na kila moja niliyoichomeka ilikuwa na jibu zuri ambalo ningeweza kumpa. Mimi maneno sijawahi kupungukiwa.

"Nisingekwenda," nikasema. "Ningesema imeangukia mferejini. Na wakinibana, ningekutaja wewe."

Nje Kasuku alikuwa anacheka na bibi yake.

"Najua," akasema. "Nilitaka kusikia kama utasema." Akainua mkono wa kushoto. "Na huku kumelegea. Bana kidogo."

Nikabana.